Mnataka Shogun? Kwanza Ingieni Ploti ya Edo

Wiki jana niliweka video fupi ya samurai. Dakika moja tu: panga, kofia za chuma, muziki mzito. Chini yake msee mmoja akaandika komenti iliyopendwa kuliko video yenyewe. Ati shida yetu ni kukosa shogun. Tupate mtu mmoja mwenye mkono mzito, na tutakuwa na kile Wajapani walikuwa nacho: zaidi ya miaka 250 ya amani, mji safi, watu wana nidhamu, hakuna mchezo.

Sitamcheka, kwa sababu hata mimi nimelelewa na anime. Nilikua nikiamini Japani ya zamani ilikuwa nchi ya samurai, na hao wengine walikuwa wanapita tu nyuma wakibeba mizigo. Halafu nikaanza kusoma kuhusu hao wanaopita nyuma. Manze, hapo ndio stori ilibadilika.

Kwanza tuwe wakweli. Amani ilikuwepo. Kabla ya 1600 Japani ilikuwa imepigana yenyewe kwa yenyewe kwa zaidi ya miaka mia. Mwaka huo Tokugawa Ieyasu akashinda vita vya Sekigahara, 1603 akawa shogun, na akakaa Edo, mji ambao leo tunauita Tokyo. Ukoo wake ulishika nchi hadi 1868. Baada ya uasi wa Shimabara kuzimwa mwaka 1638, nchi ilikaa karibu miaka 200 bila vita vikubwa ndani. Mtoto aliyezaliwa 1700 angeweza kuzeeka na kufa bila kuona jeshi likipita kijijini kwao. Hiyo si kitu kidogo, na sitajifanya sijaiona.

Swali langu ni moja: bili ya hiyo amani ililetewa nani?

Ieyasu na watoto wake walijua hatari iko wapi. Iko kwa wale watawala wa mikoa, wanaoitwa daimyo, kila mmoja na askari wake. Kwa hivyo mwaka 1635 ikawekwa sheria: kila daimyo atakaa Edo mwaka mmoja, mwaka unaofuata arudi kwao, kisha arudi Edo tena. Bibi yake na mrithi wake wanabaki Edo muda wote. Ukiita hiyo heshima ni sawa, lakini wale walikuwa rehani. Na kila safari daimyo alitoka na msafara wa mamia, wakati mwingine maelfu ya watu, wote wanakula na kulala njiani kwa pesa yake. Mtu anayemaliza pesa barabarani hana ya kununua bunduki.

Ujanja mkali, si ndio? Lakini daimyo hakuwa na shamba la pesa. Alikuwa na wakulima. Ngoja tutarudi kwao.

Hao watu wote walioletwa Edo walihitaji kula, kuvaa, kunywa, kujengewa. Watu wakamiminika kutoka vijijini, na kufikia miaka ya 1720 Edo ilikuwa na watu kama milioni moja, moja ya miji mikubwa kabisa duniani wakati huo. Karibu nusu walikuwa samurai na familia zao, na nusu watu wa kawaida: mafundi, wachuuzi, wabeba mizigo, waosha nguo, wachoraji, wauza samaki. Sasa angalia ardhi. Upande wa samurai ulikuwa na karibu asilimia 70 ya mji. Mahekalu yalikuwa na kama asilimia 15. Watu wa kawaida, nusu milioni, walibanana kwenye hiyo iliyobaki.

Walibanana kwa ploti. Zao ziliitwa nagaya, nyumba ndefu ya mbao iliyokatwa vyumba, mlango kando ya mlango, kichochoro katikati. Chumba cha kawaida cha mtu wa chini kilikuwa kama futi 9 kwa 12. Hapo toa sehemu ya mlangoni, ambayo ndiyo jikoni pia, ubaki na mikeka minne na nusu ya tatami. Familia inalala hapo, asubuhi godoro linakunjwa kwa kona, chumba kinageuka sebule na karakana ya fundi. Kama umewahi kuishi kumi kwa kumi hapa Nairobi hauhitaji nikuelezee zaidi. Ukuta ni mwembamba hivi kwamba jirani akikohoa wewe ndio unasema pole.

Uani kulikuwa na kisima kimoja, jaa la takataka, na choo cha wote. Choo chenyewe kilikuwa na mlango nusu, kwa hivyo ukichuchumaa watu wanaona kama kuna mtu. Lakini maji yalikuwa safi kiasi, na hapa nampa shogun maua yake: mwaka 1653 na 1654 serikali ilichimba mfereji wa Tamagawa, kilomita 43, kuleta maji ya mto mjini, na mabomba ya mbao yakapita chini ya ardhi hadi kwenye visima vya mitaa.

Sasa ule usafi mnausifu mtandaoni. Ati Edo ilikuwa safi kuliko London na Paris, hawakutupa kitu. Kweli, walitumia kila kitu hadi kikaisha. Kimono ikizeeka inakuwa nguo ya mtoto, halafu nepi, halafu kitambaa cha kusafishia, mwishowe inachomwa na jivu linauzwa. Hata kinyesi kiliuzwa. Wakulima wa viunga vya Edo walikuja na ndoo na mashua kukichukua, wakakilipia kwa pesa au kwa mboga, wakaenda kurutubisha mashamba. Ndio maana hakikumwagwa barabarani: kilikuwa mali.

Lakini mali ya nani? Kwenye ploti za Edo, pesa ya choo ilienda kwa msimamizi wa ploti, yule anayebisha mlango mwisho wa mwezi akitaka kodi. Ilikuwa sehemu nzuri ya mapato yake. Wewe mpangaji unalipa kodi, unanunua mchele, unaula, na kinachotoka ni cha msimamizi. Huko Osaka wapangaji angalau walikuwa na haki ya mkojo wao. Kinyesi kilikuwa cha mwenye nyumba. Na kuna mahali ambapo wapangaji wakipungua, kodi ya waliobaki inaweza kupanda kwa sababu choo kimepunguza mapato. Siwezi kutunga kitu kama hicho. Kwa hivyo msee akiniambia Edo ilikuwa safi kwa sababu ya nidhamu ya shogun, mimi namwambia ilikuwa safi kwa sababu kinyesi kilikuwa na bei, na maskini hakulipwa hiyo bei.

Chakula je? Hapo ndio watu wa Edo walijivunia. Kijijini unakula shayiri na mtama, mjini unakula mchele mweupe. Vibanda vilikuwa kila kona: tempura moto kwenye kijiti, bakuli la soba kwa sarafu 16 za shaba, na kuanzia miaka ya 1820 sushi ya kubonyezwa kwa mkono, ile tunaiona leo kwa mahoteli ya bei kali. Ilianza kama chakula cha mtu anayekimbia kazini.

Lakini mchele mweupe umeondolewa pumba, na kwenye pumba ndiko vitamini B1 ilikuwa. Watu wakaanza kuvimba miguu, kuishiwa nguvu, wengine moyo unasimama. Wakauita ugonjwa wa Edo, kwa sababu ukirudi ushago unapona. Leo tunaujua kama beriberi. Hata shogun Tokugawa Iemochi, aliyefariki 1866 akiwa na miaka 20, inaaminika beriberi ndiyo ilimmaliza.

Turudi kwa mkono mzito. Unadhani mji wa watu milioni ulilindwa na askari wangapi? Upande wa watu wa kawaida ulikuwa chini ya mahakimu wawili, wakipokezana zamu mwezi kwa mwezi, na maafisa wao wote walikuwa kama 300 hivi. Mia tatu, kwa nusu milioni ya watu. Na wengi wa hao 300 walikuwa wanasukuma karatasi. Wale waliotembea mitaani walitegemea wapelelezi wa pembeni, wengi wao wakiwa wahalifu wa zamani.

Kazi yenyewe ya kuweka utulivu ilifanywa na mtaa. Kila mtaa ulikuwa na geti, linafungwa usiku kama saa nne, na mlinzi wake analipwa na mtaa wenyewe. Kulikuwa na vikundi vya nyumba tano tano: mmoja akikosa, wote mnajibu. Hiyo ina sura mbili. Sura ya kwanza, jirani atakujulia hali, ataazima mchele, atakuzikia. Sura ya pili, jirani ndiye kamera. Anajua nani amelala kwako, na akinyamaza anaweza kuadhibiwa pamoja na wewe.

Moto pia ulikuwa kazi ya mtaa. Mji wa mbao na karatasi, unajua mwenyewe. Moto wa 1657 ulikula zaidi ya nusu ya Edo, na hesabu inayotajwa mara nyingi ni watu kama 100,000 waliokufa. Mnara mkuu wa ngome ya shogun uliungua na haukujengwa tena, kwa sababu wakuu waliamua pesa ziende kwa mji kwanza. Hapo pia nawapigia makofi. Mwaka 1720 vikundi vya wazima moto vya watu wa kawaida vikapangwa, na kila kimoja kikapewa jina kwa silabi ya Kijapani. Waliruka silabi kadhaa: "hi" ni moto, na "he" ni ushuzi. Hakuna mwanaume atakubali kukimbilia moto akiitwa Kikosi cha Ushuzi. Wengi wao walikuwa mafundi wa kupanda mapaa. Maji yalikuwa machache, kwa hivyo walibomoa nyumba za mbele ili moto ukose pa kwenda. Samurai walikuwa na vikosi vyao pia, lakini jina la ushujaa mitaani lilikuwa la hawa vijana wa ploti.

Na samurai mwenyewe? Huyu ndiye atakuvunja moyo. Vita vimeisha, upanga uko kiunoni kama kitambulisho. Sheria inamruhusu kumkata mtu wa kawaida aliyemdharau, ingawa akifanya hivyo lazima ajieleze, na asipokuwa na shahidi yamemgeukia. Mshahara wake ni mchele. Ukoo wake umepewa kiasi fulani cha mchele, na kiasi hicho hakipandi hata bei za vitu zingine zikipanda. Ili apate pesa anapitia kwa madalali wa mchele wa Kuramae, na hao madalali wanamkopesha wakishika mchele wa mwaka ujao, na wa mwaka unaofuata. Kwenye karatasi, samurai ni wa kwanza na mfanyabiashara ni wa mwisho kabisa. Kwenye mfuko, ni kinyume. Samurai wa ngazi ya chini waliishi kwa vibarua vya nyumbani: kutengeneza miavuli ya karatasi, kufuga samaki wa rangi, kuotesha maua ya kuuza.

Mwaka 1789 serikali iliwahurumia. Ikafuta madeni yao ya zamani kwa madalali. Zaidi ya ryo milioni moja za dhahabu, pu, zimeenda. Unajua madalali walifanya nini? Walikataa kukopesha tena. Samurai aliyesherehekea mwezi huo, mwisho wa mwaka hakuwa na wa kumkopesha hata pesa ya mochi.

Wafanyabiashara nao waliambiwa wasivae hariri, wasijionyeshe. Wakatii. Koti nje ni pamba nyeusi ya kawaida, ndani limetandikwa hariri iliyochorwa vizuri ajabu. Ukikutana na afisa unafunga koti. Ukikaa na mabeshte unalilegeza kidogo.

Hadi hapa unaweza kusema, sawa, watu walijipanga. Kwa hivyo turudi kwa bili.

Wakulima walikuwa kama watu 8 kati ya 10 nchini. Walitoa asilimia 40, mahali pengine 50 na zaidi, ya mchele wao kama kodi, na wengi hawakula huo mchele walioupanda. Mambo yakiwa magumu sana, kulikuwa na familia zilizoua watoto wachanga. Neno walilotumia ni "mabiki", maana yake kung'oa baadhi ya miche ili mingine ipate nafasi. Soma hilo neno mara mbili.

Kulikuwa na wasichana waliouzwa na wazazi wao, wengine wakiwa bado watoto, kwa mkataba wa miaka, hadi mtaa wa Yoshiwara, uliozungushiwa mtaro na geti moja. Picha za Yoshiwara ni nzuri sana, na sisi huzipandisha kama mandhari ya simu. Waliofia huko bila jamaa wa kuwadai walipelekwa hekalu la Jokanji, ambalo watu waliliita hekalu la kutupia.

Kulikuwa na waliozaliwa katika koo za kuchuna ngozi na kushughulikia mizoga. Walikuwa chini ya ngazi zote, wakikaa mitaa yao peke yao, na mtoto anarithi hiyo aibu. Sheria ilifuta hilo daraja mwaka 1871, lakini wajukuu wao wamebaguliwa hadi enzi zetu.

Na mke? Talaka iliandikwa na mume, mistari mitatu na nusu. Mke hakuwa na kalamu hiyo. Alichokuwa nacho ni miguu: kukimbia hadi hekalu la Tokeiji huko Kamakura, karibu kilomita 50 kutoka Edo, akae miaka kadhaa chini ya masista wa Kibudha ndio apate kuachwa huru. Inasimuliwa kwamba ukifukuzwa hadi mlangoni na ukawahi kurusha ndara yako ndani ya geti, umeokoka.

Halafu ikaja 1783. Mlima Asama ukalipuka, mvua na baridi vikaharibu mavuno miaka mfululizo. Kaskazini, huko Tsugaru, watawala walikuwa wameuza mchele Edo na Osaka kulipa madeni yao, na njaa ilipoingia maghala yalikuwa matupu. Nchini kote walikufa watu mamia ya maelfu. Hiyo ni amani. Hakuna upanga ulichomolewa.

Mwaka 1787 bei ikafika Edo. Pesa ya mchele wa siku moja haikununua hata nusu yake, na mtaani watu walijua wafanyabiashara wameficha magunia. Katikati ya mwaka huo, wale watu wa ploti wakatoka. Kwa siku kadhaa walivunja mamia ya maduka ya mchele, milango, mizani, madaftari ya madeni. Walioshuhudia waliandika kitu cha kushangaza: wengi hawakuiba. Mchele ulimwagwa barabarani na kwa mitaro, lakini nyumba ya jirani ililindwa isishike moto. Wale maafisa 300 walizidiwa. Mji wa shogun, mbele ya ngome ya shogun, ukawa mikononi mwa wapangaji.

Ndani ya wiki chache, waliobaki wa kundi la Tanuma Okitsugu serikalini walisukumwa nje na Matsudaira Sadanobu akawa mkuu wa baraza. Akaanzisha akiba ya mchele na pesa za mitaa, ili njaa isiwashike hivyo tena. Hivyo ndivyo mtu wa futi 9 kwa 12 alivyobadilisha serikali ambayo hakuruhusiwa hata kuizungumzia.

Lakini Sadanobu alijifunza somo la pili pia: fungia wanaoongea. Wakati huo Edo ilikuwa inasoma kweli kweli. Watoto wa ploti walienda vishule vya mtaani kujifunza kusoma, kuandika na hesabu. Vitabu vilikodishwa na wachuuzi waliovibeba mgongoni, na miaka michache baadaye, 1808, hao wachuuzi walikuwa zaidi ya 600. Mwandishi aliyekuwa anavuma ni Santo Kyoden. Mwaka 1791 akatoa vitabu vitatu vya mambo ya Yoshiwara vilivyokiuka amri mpya. Alifungwa pingu mikononi siku 50, nyumbani kwake. Mchapishaji wake, Tsutaya Juzaburo, akanyang'anywa nusu ya mali. Mimi hutengeneza kontenti. Hiyo sehemu niliisoma polepole. Kyoden baadaye alifungua duka la viko na vifuko vya tumbaku, na akaendelea kuandika, kwa tahadhari.

Sasa nikurudie, msee wa komenti. Sikuchukii. Najua umechoka, na mtu aliyechoka hutamani mwenye upanga aje apange kila kitu. Lakini ukiiomba Edo, haupewi kuchagua kiti. Samurai walikuwa chini ya mtu mmoja kati ya kumi, na wengi wao walikuwa wanabandika miavuli. Uwezekano mkubwa ungeamkia shambani ukihesabu mchele ambao hautaula. Ukibahatika, ungeamkia kwa ploti, na choo chako kinalisha msimamizi.

Na kile unachokipenda kuhusu Edo, usafi, utulivu, mtu kumjali jirani, sehemu kubwa ilitoka hapo hapo kwa ploti. Ilitoka kwa mlinzi wa geti, kwa fundi wa mapaa anayekimbilia moto, kwa mama anayeazima mchele upande wa pili wa ukuta mwembamba. Shogun aliweka jina lake juu. Hao watu ninyi mnao tayari, mnaishi nao, na pengine haujawahi kuuliza jina la wa mlango unaofuata.

Anza hapo. Na ukiendelea kutaka shogun, niandikie chini ungependa kuamkia chumba gani.